Madoa meupe kwenye kashata za chokoleti

Swali: Ndugu zangu, ninatengeneza kashata za nazi hapa Mombasa na kuzichovya kwenye chokoleti nyeusi, lakini baada ya siku moja hutokwa na madoa meupe, na chini ya kila moja chokoleti hutuama kama kidimbwi. Ninakosea wapi?

Jibu: Madoa hayo si ukungu, bali ni siagi ya kakao iliyojitenga na kupanda juu kwa sababu chokoleti haikupozwa kwa utaratibu. Iyeyushe juu ya mvuke hadi nyuzi 45 za Selsiasi, ukichunga lisiingie hata tone la maji, maana itashikana mabonge. Kisha tia vipande vya chokoleti isiyoyeyushwa, ukoroge hadi ishuke karibu na nyuzi 28, halafu uipashe taratibu hadi 31 au 32. Paka kidogo kwenye kisu: ikikauka baada ya dakika chache na kung'aa, iko tayari.

Jibu: Kuhusu kidimbwi, inua kashata kwa uma, gongagonga uma ukingoni mwa bakuli, upanguse chini yake, ndipo uiteremshe kwenye karatasi ya kuokea. Usichovye kashata zikiwa zimetoka tu kwenye friji, kwani ganda litapasuka zikipata joto.

Muulizaji: Ahsanteni. Je, asiye na kipimajoto afanyeje?

Jibu: Gusisha tone chini ya mdomo, likihisika baridi kidogo, endelea. Mimi, hata hivyo, ningenunua kipimajoto.