Naomba ushauri: manjano au mzingefuri kwa kutia rangi sabuni ya mwani?

Asalaam alaykum ndugu zangu, hasa watengenezaji wa Paje, Bwejuu na Pemba.

Manjano yakikutana na kostiki soda (dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) hugeuka mekundu, kisha sabuni ikikauka hubaki rangi ya udongo na hupauka ikipigwa jua. Mzingefuri, zile mbegu nyekundu za kutia rangi, unaonekana afadhali. Rangi yake huyeyuka kwenye mafuta: vijiko 2 vya chakula vya mbegu, robo lita ya mafuta ya nazi, moto mdogo kabisa dakika 10, kisha chuja kwa kitambaa kikavu. Mafuta yakianza kutoa moshi, rangi imeshaungua na huwa kahawia.

Naomba kujua: kwa kilo 1 ya mafuta ya sabuni, mnatia vijiko vingapi vya haya yaliyochujwa bila kuacha madoa kwenye taulo? Na wakati wa kukausha wiki 4 hadi 6, mnafunika kwa kitu gani ili rangi isipauke?

Jengine ni lebo. Sabuni husuuzwa mara moja, na kostiki huibadilisha rangi yenyewe. Sioni haki kumwandikia mteja kwamba inang'arisha ngozi. Nyinyi mnaandikaje? Wapo pia wanaowashwa na mzingefuri. Je, mnawashauri wajaribu kwanza kwenye mkono?