Dashibodi imempa mzee wa watu barua ya onyo kwa kosa ambalo halijatokea. Hawa watu wa "data" wametuchosha

Wakuu salama? Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Mi ni fundi umeme na vipimo kwenye kiwanda cha chai huku Mufindi, kiwanda gani haina haja. Jumatatu iliyopita mzee wetu wa draya (mashine ya kukaushia chai), mtu ana miaka 19 pale, kapewa barua ya onyo eti kaunguza chai. Ushahidi? Skrinshoti ya dashibodi, ile skrini ya kompyuta inayoonyesha vipimo vya mitambo. Yaani wameiprinti kwa rangi kabisa wakaibana na barua kwa pini: Draya namba 2, joto la hewa inayoingia, nyuzi 131.3, saa 20:10, kamstari kekundu kamesimama kama mlima Kitonga.

Mzee kaja nayo karakana, hata salamu ya kamwene hakusema, kaniuliza tu, "Mwanangu, hii 131 wameitoa wapi?"

Nilivyoiona ile namba nikajua palepale. Transimita ya pale, kifaa kinachopima joto na kulituma kama umeme mdogo, nimeifunga kwa mikono yangu, inatoa miliampea 4 mpaka 20, nne ni nyuzi sifuri na ishirini ni nyuzi 150, imeandikwa hadi kwenye kibati chake. Sasa wale jamaa wa kampuni moja kutoka Dar waliokuja kuunganisha mitambo na dashibodi wakajaza kwenye programu yao kwamba ishirini ni nyuzi 200. Kwa nini 200? Kwa sababu kazi waliyotoka kuifanya kabla ya kwetu ilikuwa 200, wakakopi wakapesti, hakuna aliyepanda ngazi kwenda kusoma kibati. Chukua 131.3 gawa kwa 200 zidisha kwa 150. Unapata 98 na nusu. Draya ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Na kinachoniuma zaidi, ukirudisha ile grafu nyuma, draya namba 2 inasoma 131 KILA SIKU tangu waiunganishe. Wiki sita! Kama ingekuwa kweli tungekuwa tunauza mkaa sasaivi. Hakuna hata mmoja ofisini aliyerudisha nyuma, walitafuta siku moja, wakaona nyekundu, wakaandika barua.

Haya, tuje kwenye saa. Zamu ya mzee siku hiyo ilikuwa saa nane mchana mpaka saa nne usiku. Barua inasema 20:10, utumishi wakatafsiri saa mbili na dakika kumi usiku, kwa hiyo ni mzee. Lakini mi najua saa mbili na dakika kumi usiku ule nilikuwa wapi, nilikuwa nimelala chali chini ya hiyohiyo draya namba 2, tochi mdomoni, nabadilisha mnyororo uliokatika saa moja. Draya ilikuwa imezimwa, ya baridi! Tumekuja kuiwasha mzee ameshaondoka, na joto limefika mahali pake saa tano na dakika kumi usiku. Mnaona hiyo tofauti? Masaa matatu kamili. Seva yao inaandika saa za UTC, zile saa za kimataifa za Greenwich, na sisi tuko mbele masaa matatu, wakasahau kugeuza, au hawakujua, mi sijui lipi baya zaidi. Kwa hiyo hata kama kosa lingekuwepo basi lingekuwa la zamu nyingine.

Hapo bado hujaweka saa zetu za Kiswahili. Daftari la draya linaandikwa saa 2:10, karatasi ya ofisi inaandikwa 20:10, dashibodi inaandika 17:10, na yote ni dakika ileile moja! Halafu siku yao inaisha saa sita usiku ya UTC, yaani kwetu ni saa tisa usiku, katikati ya zamu ya usiku, kwa hiyo kilo za zamu moja zinagawanyika siku mbili na kila asubuhi tunapigiwa simu "mbona jumla ya jana haifanani na ya stoo". Haiwezi kufanana bana. Stoo wanahesabu magunia, nyie mnahesabu Greenwich.

Nikachukua daftari la mzee. Ukurasa umechafuka rangi ya chai, kalamu ya bluu: 98, 98, 99, 98, halafu saa moja usiku kaandika kwa herufi kubwa IMESIMAMA MNYORORO, na sahihi yake. Yule kijana aliyempokea kaendelea chini yake. Kila kitu kipo pale, kwenye daftari la shilingi mia chache.

Na chai yenyewe? Mwonjaji alisema chai IMEPOOZA. Hakusema imeungua. Mtu yeyote aliyekaa kiwandani wiki mbili anajua hivyo ni vitu viwili tofauti, chai ya kuungua unaisikia puani ukiwa bado mlangoni. Chai iliyopooza mara nyingi imekaa kwenye kuchachuka kupita muda, na usiku ule majani yaliyokwisha kusagwa yalikaa yakisubiri draya karibu masaa manne wakati kawaida hata masaa mawili ni mengi. Sababu ni mnyororo. Na mnyororo niliuombea wa akiba tangu mwezi wa tatu, karatasi ya maombi ninayo, ila hiyo haina dashibodi.

Sasa msije mkasema mi ni mshamba napinga teknolojia. Mi ndo niliyekuwa naomba hii kitu miaka yote. Kuona presha ya boila, joto la draya, unyevu na umeme unaotumika vyote sehemu moja, ukalinganisha na kilo zilizotoka, ukajua draya ipi inakula kuni kuliko mwenzake, hiyo ni raha ya fundi. Hasira yangu ni kwamba wameunganisha waya wakaacha maana. Namba ikitoka kwenye mtambo bila kusema ni ya mtambo gani, kipimo gani, imeanzia wapi inaishia wapi, imesomwa saa ngapi na kama ni nzima au mbovu, hiyo siyo data, ni kelele yenye desimali.

Mfano mwingine huu wa boila, huu unachekesha. Mwezi wa saba, usiku wa ukungu ule wa huku ambao ukinyoosha mkono huoni vidole, umeme ukakatika kama saa sita hivi mpaka alfajiri. Kiwanda kizima kimya. Feni ya boila imesimama, vijana wa kuni wamekaa wanaota moto kwenye mlango wa tanuru maana hakuna kingine cha kufanya. PLC, kompyuta inayoendesha mitambo, imezima. Ila kale kaboksi kao kanakosoma PLC na kutuma data kana betri yake, pamoja na ruta. Kakakosa majibu kutoka kwa PLC, na badala ya kusema "jamani sisomi kitu" kakawa kanatuma namba ya mwisho kaliyoiona. Bar 8.2. Kila dakika, bar 8.2, na muda mpyaaa wa sasa hivi.

Asubuhi bosi anapiga simu kutoka Dar, kafurahi, "hongereni, jana usiku boila ilitulia sana". Nilikosa la kusema wakuu. Boila ya kuni haijawahi kuchora mstari ulionyooka tangu dunia iumbwe! Kijana akitupia milingoti mikavu presha inapanda, akifungua mlango inashuka, akipata kuni mbichi inalegea mpaka unasikia sauti yake imebadilika. Ukiona boila ya kuni imenyooka kama rula ujue hiyo namba imekufa.

Na dawa yake ipo, siyo kitu cha ajabu. Kwenye OPC UA, lugha moja ya mitambo kupeana data, kila usomaji unatakiwa usafiri na vitu vitatu, thamani, muda, na hali yake kama ni nzuri, mbovu au ya mashaka. Modbus, lugha tunayotumia sisi, ni ya mwaka 1979, yenyewe haina hiyo adabu, inakupa namba tupu ndani ya rejista (kisanduku cha kuhifadhia namba), haisemi ni bar au nyuzi au kilo. Sawa, lakini ndo kazi ya anayeunganisha hiyo! Kaboksi kasipojibiwa, weka alama mbovu, dashibodi ikate mstari, mtu aone pengo. Pengo ni habari. Pengo lingemwambia bosi umeme ulikatika masaa matano.

Mita ya umeme ndo usiseme, wiki zote sita inasoma sifuri, wakatuambia mita yetu mbovu tununue nyingine. Nikaenda na laptopu yangu na kiprogramu cha bure, nikasoma rejista mbili za kilowati, ya kwanza 17093, ya pili 0. Ukiziunganisha kwa mpangilio wake unapata 98.5, ukizigeuza ya pili ikaja mbele unapata kitu kidogo mno ambacho skrini inakiandika 0.00. Wamezigeuza. Ni tiki moja kwenye programu yao. Nimewaandikia, wakanijibu nifungue tiketi. Nimefungua. Hali ya tiketi mpaka leo: "inashughulikiwa".

Sasa nikasema basi, nipeni data nitengeneze mwenyewe. Hapo ndo nikajua tumeuziwa nini. Majina ya tegi, yaani majina ya vipimo kwenye programu yao, ni AI_07_VAL2, AI_08_VAL1, nani anajua hiyo ni draya au feni ya kunyaushia? Orodha ya kusema tegi hii ni mtambo ule wanasema ni mali ya kampuni. Nywila ya PLC, PLC ambayo tumeinunua sisi imefungwa kwetu inatumia umeme wetu, nayo eti "ni sera yetu hatutoi". Kuongeza tegi, leseni, inalipwa kwa dola. Kutoa data uiweke Excel unatoa grafu moja moja siku moja moja, ukitaka iende yenyewe kwa yenyewe kwenye programu za kuchora grafu kama Power BI au Grafana wanasema hiyo ni moduli nyingine. Yaani namba inazaliwa Mufindi, inasafiri mpaka seva sijui iko nchi gani, halafu mi niliyekaa mita tatu kutoka kwenye draya nailipia ili niione.

Na walikuja siku mbili tu. Wamelala lodge Mafinga, wamekuja na Land Cruiser na majaketi, wamepiga picha, hawakuongea na mzee wa draya wala kijana hata mmoja wa boila. Wangemuuliza mzee swali moja tu, "hii huwa inasoma ngapi?", angewaambia 98 na tungekuwa tumemaliza.

Kikao cha mzee ni Alhamisi saa nne asubuhi. Nimeomba kifanyike kiwandani siyo ofisini, wamekubali kwa shingo upande. Nitabeba kalibreta yangu, kifaa cha kuhakiki vipimo, nitatoa waya za transimita mbele yao wote, niingize miliampea 12 kamili. Kumi na mbili ni katikati, kwenye transimita ya 150 lazima isome 75. Kama dashibodi yao itaandika 100, na itaandika 100, basi barua irudi ilikotoka.

Ila naomba msaada kwa wenye uzoefu, hasa mlio kwenye viwanda vya karatasi, saruji, sukari na maji. Moja, kuna aliyewahi kumbana mkandarasi wa aina hii mpaka akatoa orodha ya tegi na nywila, mlipitia mkataba au mlipitia wapi? Maana mkataba wetu nimeuona, kurasa nyingi ni za malipo, neno data limetajwa kwenye jalada. Mbili, nikiamua kuweka kikompyuta changu pembeni kisome Modbus moja kwa moja bila kupita kwenye kaboksi kao, je kusoma sehemu mbili kwa mpigo kutaielemea PLC ya zamani? Nataka nisome kila sekunde 10 tu, rejista kama 40 hivi, sitaandika kitu.

Mzee nimemwambia Alhamisi aje na daftari, asimwachie mtu mwingine alishike.