MREJESHO: Mwanza, Kigali, Kampala, Kisumu hadi Mombasa kwa basi na treni

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa sita niliwaomba ushauri wa kumzungusha mama njia hii kutokea Mwanza. Tumefika salama, asanteni sana.

Mliosisitiza kadi ya homa ya manjano, Mungu awabariki: pale Rusumo, mpakani kuingia Rwanda, tuliulizwa kadi kabla hata ya pasipoti. Tiketi za SGR, treni ya Nairobi hadi Mombasa, tulikata mapema, mama akapata dirisha. Tulipopita Tsavo aliona tembo wamejaa vumbi jekundu, akanishika mkono, hakusema neno hadi Voi.

Nilipokwama ni kwenye saa. Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Kwenda nilikumbuka, ila tulipovuka Gatuna kuingia Uganda sikurudisha saa yangu ya mkononi mbele. Basi la usiku la Kisumu likatuacha Kampala, tukalipia gesti nje ya bajeti. Ndiyo maana Lamu, tulikopanga pia kwenda, hatukufika. Tulirudi kwa mpaka wa Lungalunga na Horohoro hadi Tanga.

Atakayefuata njia hii, Rubavu kule Rwanda lala siku mbili. Jioni wavuvi wa sambaza (aina ya dagaa) wanaingia ziwa Kivu na mitumbwi mitatu mitatu iliyoungwa pamoja, wanapiga kasia huku wakiimba. Mama bado anauimba ule wimbo.