Jean Purdy alifanya kazi gani hasa kwenye upandikizaji mimba wa kwanza?

darubini_x40
Wakuu salaam. Kila Julai 25 watu wanamkumbuka Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetokana na yai kurutubishwa maabara (Oldham, Uingereza, 1978), na sifa zinakwenda kwa mwanasayansi Robert Edwards na daktari Patrick Steptoe. Jean Purdy akitajwa, anaitwa "nesi msaidizi". Mnaoijua maabara, kazi yake ilikuwa ipi? Na kwa nini walihangaika miaka yote ile bila mtoto?

Kiinitete
Unesi aliusomea, ndiyo, ila tangu 1968 alipoajiriwa na Edwards kule Cambridge, kazi yake ilikuwa embriolojia, yaani sayansi ya viinitete (mimba changa kabisa). Steptoe akishanyonya majimaji ya kifuko cha yai kwa laparoskopi (kifaa chembamba chenye taa kinachopenyezwa tumboni), ni Purdy na Edwards waliolitafuta yai chini ya darubini, wakalihamishia kwenye tone la majimaji lishe lililofunikwa kwa mafuta ya parafini, wakatia mbegu za kiume zilizooshwa, kisha likawekwa kwenye joto la nyuzi 37. Purdy ndiye wa kwanza kuona kiinitete cha Louise kikigawanyika. Kilirudishwa mwilini kikiwa na seli 8, siku mbili na nusu hivi baada ya yai kutolewa.

Hayo mafuta si urembo. Majimaji lishe yana bikaboneti. Yakikaa wazi, kaboni dioksaidi inatoka na pH (kipimo cha asidi) inapanda, yaani asidi inapungua. Kama yana rangi ya fenoli, inayobadilika pH ikibadilika, utaona yanaelekea zambarau, na hapo umeshachelewa. Yai nalo likipoa, nyuzi zinazopanga kromosomu zinalegea. Linaweza kurutubishwa vizuri tu, halafu likagawanyika ovyo.

mzunguko_asili
Kwenye swali la pili: shida kubwa haikuwa kurutubisha. Walianza na sindano za homoni ya HMG kukuza vifuko vingi vya mayai, kisha homoni ya hCG kuyaivisha mayai. Mayai yakapatikana, viinitete vikagawanyika, lakini nusu ya pili ya mzunguko ikawa fupi mno: projesteroni, homoni inayotunza mimba, inashuka mapema, ukuta wa mji wa mimba unabomoka kabla kiinitete hakijajishika. Wakajaribu kuukinga kwa Primolut Depot (sindano ya homoni aina ya projesteroni), baadaye wakaishuku dawa yenyewe kwamba ndiyo inaharibu mimba. Mimba waliyoiripoti 1976 ilitunga nje ya mji wa mimba.

Kwa Lesley Brown, mama yake Louise, ambaye mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba, waliacha dawa za kukuza mayai. Mkojo ulipimwa kila baada ya saa 3, usiku na mchana, kunasa LH, homoni inayoashiria yai liko karibu kutoka, inapoanza kupanda. Ukiwahi, yai bichi. Ukichelewa, limeshatoka kwenye ovari. Na ni yai moja tu, hakuna la akiba.

darubini_x40
Shukrani. Na Nobel je, alinyimwa?

Kiinitete
Hapana mkuu. Ya 2010 alipewa Edwards peke yake kwa sababu marehemu hapewi: Purdy alifariki 1985 kwa saratani ya ngozi akiwa na miaka 39, Steptoe 1988. Kinachoudhi ni lile bamba la kumbukumbu ya kazi yao lililowekwa Oldham. Edwards aliwaandikia wakuu wa afya wa pale akitaka jina la Purdy liwemo, akasema mchango wake ulikuwa sawa na wa kwake, na bado hawakuliweka. Purdy ndiye aliyelipata jengo la Bourn Hall, kliniki waliyoianzisha 1980, akawa mkurugenzi wa ufundi. Anayesema "nesi msaidizi" akatazame majina ya waandishi kwenye makala zao.