Bunju wangu anatema chakula

Swali: Jamani, bunju wangu (samaki anayejivimbisha) wa maji chumvi anakuja mbio nikifungua tangi, ila chakula anakitema. Meno ya juu yamerefuka, yamefunika mdomo. Namlisha minofu ya ngisi tu. Nifanyeje?

Jibu: Ngisi ni laini mno. Meno ya bunju hayaachi kukua, kwa hiyo mpe kome, konokono na kamba wenye maganda ayasage. Kwa sasa, daktari wa samaki amlaze kwa dawa ayapunguze.

Jibu: Ukimhamisha, mchote kwa bakuli pamoja na maji. Akijivimbisha kwa hewa, huenda ashindwe kuitoa.

Muulizaji: Asanteni. Na kaa wangu wa tangini?

Jibu: Huyo mhesabu kama chakula! Halafu pima amonia (sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula) majini, maana bunju hula ovyo sana.