Kampuni za tafsiri, "order" moja haina Kifini kimoja! Lipeni marudio na mjibu maswali

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimekulia huku Ufini, natafsiri Kiingereza kwenda Kifini, na hawa madalali wa kazi za tafsiri wamenifika shingoni.

Wanakutumia jedwali la maneno ya programu, matupu tu. Hakuna picha ya skrini wala maelezo. Haya, "order" ni nini? Kwenye kitufe cha kununua, Kifini ni "tilaa". Ukishanunua, kile ulichoagiza ni "tilaus". Ukipanga bidhaa kwa bei au kwa jina, ule mpangilio ni "järjestys". Lakini mfumo wao wa kompyuta unaotunza tafsiri za nyuma ukiona neno limejirudia unabandika tafsiri ya kwanza kila mahali, na marudio hawalipi hata senti! Ukirekebisha, mkaguzi anakurudishia kazi eti istilahi zako hazilingani.

Juzi imekuja programu ya duka la vyakula, ina mstari umeandikwa "dates". Nikauliza: tarehe au tende? Tarehe ni "päivämäärät", tende ni "taatelit", hayakaribiani hata kidogo. Kimya. Nikaacha wazi, nikaandika kwamba nasubiri jibu. Wao wakaruhusu mfumo ujaze wenyewe kutoka kazi ya zamani ya fomu za ofisi. Programu imetoka: picha ya tende, juu yake "Päivämäärät". Mteja kalalamika, nimekatwa pesa mimi! Barua pepe yangu ya kuuliza wanayo mpaka sasa.

Na "free" ndiyo balaa zaidi. Usafirishaji wa bure ni "ilmainen", kiti kisicho na mtu ni "vapaa", na chakula kisicho na sukari ("sugar-free") unatia kiambishi mwishoni: "sokeriton". Wao wanataka neno moja litumike kote. Weka "ilmainen" pembeni ya gluteni, ile protini ya ngano, msomaji ataelewa gluteni inagawiwa bure. Kuna watu gluteni inawaumiza jamani, hapo si suala la lugha nzuri tena.

Na dawa ipo. Faili za gettext, mfumo wa kutafsiria maandishi ya programu, zina sehemu maalumu ya muktadha, msgctxt. Mtengeneza programu anaandika tu: kitufe, kichwa cha ukurasa, tunda. Basi. Hawataki, kwa sababu gharama ya kubahatisha inamwangukia mfasiri.

Wadau mnaofanya kazi hizi, iwe Kifini, Kijerumani au Kiswahili: mkataba wenu mmeuandikaje ili marudio yalipwe, na swali lisilojibiwa lisihesabiwe kosa la mfasiri? Naombeni maneno yenyewe mliyotumia. Sipokei faili lingine kabla hawajasaini.