Kutoka 21:20-21, mtumwa kuitwa "mali yake": kijana wa darasani nimjibu vipi?

mwl_kikwajuni
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wasiokuwa Wakristo humu asalaam aleikum. Nina suali naomba mnijibu kwa upole lakini msinifiche kitu. Nafundisha darasa la vijana kanisani Jumapili, wale wa umri wa kubisha kila kitu. Mmoja wao kaka yake anatembeza wageni pale Mkunazini, Unguja, anawaonesha lile kanisa lilojengwa kwenye soko la watumwa, zile sanamu zilofungwa minyororo shimoni, na pale madhabahuni ambapo inasemekana ndo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Sasa mgeni mmoja kamuuliza, nyie mnasema kanisa limewekwa hapa kuonesha Mungu hataki utumwa, mbona kitabu chenu kinauruhusu? Akamfungulia Kutoka 21:20-21 kwenye simu palepale. Yule kaka hakuwa na la kusema, kijana nae kaja na aya yake darasani kaniwekea mezani.

Kwa ambao hamna Biblia karibu, aya inasema mtu akimpiga mtumwa wake kwa fimbo akafa mkononi mwake ataadhibiwa, lakini yule mtumwa akikaa siku moja au mbili basi hataadhibiwa kwa sababu ni mali yake. Mali yake! Vijana wote wakanitumbulia macho.

Nimewaambia ntawajibu wiki ijayo. Tafadhali nisiambiwe tu "hilo Agano la Kale", kwa sababu Waefeso 6 watumwa wanaambiwa wawatii mabwana zao na hilo ni Agano Jipya. Hizi aya leo zinasomwaje?

neema_tele
Amina dada mwalimu. Isaya 55 inasema mawazo yake si mawazo yetu. Mimi ningemwambia huyo kijana aombe kwanza, Roho atamfunulia, si kila kitu ni cha kujadili, na hao wageni wengine wanakuja na aya zao kutuvunja imani tu.

padre_siye
Neema kuomba sawa lakini kijana akiuliza suali la akili halafu akajibiwa aombe, anaondoka na jawabu moja tu kichwani, kwamba mwalimu hana jawabu. Na mgeni hajaitunga hiyo aya, imo.

Mwalimu, mimi jina langu linasema kweli, si padri, ila nimesoma soma. Kitu cha mwanzo waambie hapo hawasomi mahubiri, wanasoma sheria za kesi. Kutoka 21 na 22 sehemu kubwa imekaa hivyo, mtu akifanya hivi itakuwa hivi, ng'ombe akimpiga mtu pembe, mtu akichimba shimo asilifunike, ni mambo ya mahkamani. Sheria ya kesi haikwambii Mungu anapenda nini, inakwambia jambo baya likishatokea kijijini kwenu mfanye nini ili lisizidi. Sasa weka pembeni yake sheria za majirani wa wakati ule. Hammurabi mfalme wa Babeli, kama miaka 1750 kabla ya Kristo, kwake ukimficha mtumwa aliyetoroka adhabu ni kifo. Kumbukumbu la Torati 23:15-16 inasema kinyume kabisa, mtumwa akikukimbilia usimrejeshe kwa bwana wake, mwache akae kwako pahala atakapopachagua mwenyewe. Na sura ileile ya 21, shukeni aya chache tu mpaka 26 na 27, bwana akimtoa mtumwa jicho au hata jino moja, mtumwa anaondoka huru. Na pandeni juu kidogo aya ya 16, anayemwiba mtu akamuuza, auawe. Hiyo aya moja peke yake ingefunga soko la Mkunazini siku ya kwanza, maana pale waliouzwa wengi walikuwa watu walioibwa na kutekwa bara.

Kwa hiyo yule mgeni kasoma aya mbili kati ya aya za juu na chini zinazozibana.

Mchake_Asilia
Padre siye nimekufuata vizuri lakini hapo mwisho umeteleza. Sie wa Pemba hatukubali kirahisi hivo. Nenda Walawi 25 kuanzia 44 mpaka 46. Mwisraeli mwenzio usimfanye mtumwa, lakini watu wa mataifa yaliyokuzunguka wanunue, wawe milki yenu, warithisheni watoto wenu. Hapo hamna jino wala jicho. Nachoka na wahubiri wa yutubu wanaosema utumwa wa Biblia ulikuwa kama ajira tu, mtu anadaiwa anafanya kazi miaka sita deni linaisha anakwenda zake. Hiyo ilikuwa kwa Mwebrania. Mtumwa wa mataifa alikuwa wa maisha. Mimi ni Mkristo na naisoma hiyo aya na inanichoma, na nataka kijana aambiwe kwamba inachoma, asipewe dawa ya usingizi.

padre_siye
Mchake umenikamata vizuri tu, Walawi 25 siikimbii. Lakini nikuulize kitu cha hapahapa kwetu. Mwaka 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa likafungwa na kusafirisha watumwa baharini kukakatazwa. Mtumwa aliyekuwa tayari shambani je?

Mchake_Asilia
Alibaki shambani. Huku kwetu karafuu ziliendelea kuchumwa na watumwa mpaka amri ya 1897, na hata hiyo amri haikuwafungulia mlango wakatoka wote, ilibidi mtumwa mwenyewe aende mahkamani akadai uhuru wake, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Miaka 36 kutoka soko kufungwa mpaka sheria kumfikia wa mwisho. Sasa unataka kusema nini?

padre_siye
Nataka kusema mtu akiuokota ule mkataba wa 1873 peke yake baada ya miaka elfu tatu, atasoma kwamba walioandika walikubali watumwa wa mashambani, maana haukuwagusa. Na kwa namna fulani atakuwa kasema kweli, waliwavumilia. Ila hatajua mambo yalikuwa yanaelekea wapi. Torati mimi naiona hivyo, inamshika mtu alipo, na pengine inamshika vibaya. Na kigezo hichi sikukitunga mimi, kakitoa Yesu mwenyewe Mathayo 19:8 alipoulizwa talaka, akasema Musa aliwaruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yenu, lakini tangu mwanzo haikuwa hivi. Yaani kumbe ndani ya Torati yenyewe yamo mambo yaliyowekwa kwa ajili ya mioyo migumu, na Yesu anarudi nyuma mpaka Mwanzo 1 na 2 kutafuta Mungu alitaka nini. Mwanzo 1 hamna bwana na mtumwa, kuna mtu kwa mfano wa Mungu. Ayubu nae karudi hukohuko, sura ya 31, anasema nikidharau haki ya mtumwa wangu ntamjibu nini Mungu, aliyeniumba mimi tumboni si ndie aliyemuumba na yeye?

Walawi 25 bado inachoma, sikatai. Sina maji ya kuizima.

abu_salma
Waalaykum salaam mwalimu, na mie niingie kidogo kama jirani. Mimi Muislamu na hili suali sie pia tunaulizwa na hao hao wageni, maana Qurani nayo ina aya zinazotaja watumwa. Masheikh wetu hutufundisha kwanza tizama sababu ya kuteremka aya, iliteremka wapi, kwa nani, kwa kadhia gani, halafu ndo utafute hukumu. Na hutwambia tizama mlango ulioachwa wazi, kwa mfano kafara kadhaa wa kadhaa ni kumwacha huru mtumwa, ukivunja kiapo, ukiua kwa bahati mbaya. Sasa suali langu, nyie mnao utaratibu kama huo au kila mtu anafungua anasoma lake? Nauliza kwa kutaka kujua si kwa ubishi.

Na ombi, uzi huu usije ukageuka nani aliuza na nani aliuzwa hapa Unguja. Tunaujua mwisho wake.

karafuu_na_kanga
Abu Salma ahsante kaka, suali lako zuri kuliko majibu yetu mengi. Ukweli ni kwamba inategemea kanisa. Wakatoliki wa Minara Miwili wana mafundisho ya kanisa yanayowaongoza, Waanglikana wa Mkunazini wana utaratibu wao, wenzetu wa makanisa mapya mara nyingi ni mchungaji na Biblia yake. Lakini kanuni ya zamani ambayo karibu wote wanaikubali ni kwamba Maandiko yanafasiriwa na Maandiko, pahala pagumu pasomwe kwa mwanga wa pahala palipo wazi.

Na hapo ndo nataka niongeze, maana naona mmekaa kwenye Torati tu mmewasahau manabii. Mwalimu wasomeshe Yeremia 34. Mfalme Sedekia na watu wa Yerusalemu walifanya agano wakawaacha huru watumwa wao, halafu wakageuka wakawarudisha tena utumwani. Mungu anawaambia kwa kejeli, hamkutangaza uhuru, basi mimi nawatangazia nyie uhuru, uhuru wa kwenda kwa upanga na tauni na njaa. Vijana wa umri huo wataipenda.

Halafu Ufunuo 18 aya ya 12 na 13, someni hii mkiwa mmekaa Forodhani mnatizama bahari. Babeli inaanguka, wafanyabiashara wanalia hamna tena wa kununua shehena zao, ikatajwa shehena moja moja, dhahabu, lulu, vitu vya pembe za ndovu, mdalasini, uvumba, ngano, farasi, na mwisho kabisa miili na roho za wanadamu. Pembe, viungo na watu! Karafuu tu ndo haimo. Sijawahi kusikia mhubiri wa hapa akaisoma hii, sijui wanangoja nini.

Mchake_Asilia
Hiyo Ufunuo sijawahi kuitizama hivyo, wallahi dada umenipata. Ila turudi kwa Paulo maana mwalimu kataja Waefeso 6. Huyu ndo ananipa tabu kuliko Musa. Torati imesema mtumwa aliyekukimbilia usimrudishe, Onesimo, mtumwa wa Filemoni, kamkimbilia Paulo, Paulo kafanya nini? Kamrudisha kwa Filemoni na barua mkononi.

karafuu_na_kanga
Kamrudisha ndio, na tusipake rangi. Lakini soma ile barua, aya 25 tu, dakika tano umemaliza. Kamrudisha "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa", kasema nipokelee yeye kama unavyonipokea mimi, na kama unamdai chochote niandikie mimi ntalipa. Na ile barua haikuandikwa kwa Filemoni peke yake, kanisa lililokuwa nyumbani kwake limetajwa mwanzoni kabisa, kwa hiyo fikiria isomwe mbele ya watu wote na Onesimo kasimama hapo. Filemoni atakataa vipi? Mimi naona Paulo kambana ukutani kwa maneno matamu. Kwa nini hakusema wazi mwache huru, hilo kalijua mwenyewe, mtu aliyefungwa gerezani chini ya dola la Warumi.

Na 1 Timotheo 1:10 "waibao watu" wamewekwa safu moja na wauaji.

Kitu ninachokifikiria sana ni hichi, wanafunzi wa mwanzo wa ile misheni ya Waanglikana hapa Unguja walikuwa watoto walotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Cecil Majaliwa alikuwa mtumwa, akasoma Kiungani, shule ya misheni hiyo, mwaka 1890 akawekwa wakfu kuwa padri. Huyo alipoisoma Filemoni hakuwa anasoma kama sie tunaojadili kwenye simu.

padre_siye
Na upande wa pili wake mwalimu waoneshe na hili, mwaka 1807 London ilichapwa Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Waingereza. Habari ya Waisraeli kutoka Misri ikakatwa. Wagalatia 3:28 hakuna mtumwa wala huru, ikakatwa. Waefeso 6 watumwa watiini, ikaachwa! Waliochapa walijua vizuri kitabu kizima kinasema nini ndo maana wakaogopa kukitoa kizima. Mgeni akikuuliza tena Biblia inaunga mkono nini, mwambie awaulize waliokata.

neema_tele
Hii ya 1807 sikuijua kabisa. Kumbe kuna watu walitumia mkasi.

mwl_kikwajuni
Ahsanteni sana jamani, nimenakili yote. Naona nikianza na Walawi 25 nikawaambia hii ngumu na inatuchoma wote ndo wataniamini kwa mengine, padre siye usikasirike nakuweka wa pili. Halafu nitawagawa makundi mawili, moja Kutoka 21 yote jingine Filemoni, waniandikie Filemoni alijibu nini ile barua. Abu Salma, kuna kijana kauliza kama jirani Muislamu anaweza kualikwa siku hiyo, ntakutafuta inboksi. Mchake, kitabu kizuri cha Kiswahili cha hiyo habari ya 1897 unacho? Nataka wasome wenyewe.

Mchake_Asilia
Ninacho cha zamani kimechakaa, kurasa za mwisho hazipo. Ntakupigia picha sura moja nikifika nyumbani jioni, umeme ukiwepo.

neema_tele
Mwalimu samahani, na mimi kwa kuwa mshafungua, Yoshua 6 pale Yeriko, waliua mpaka watoto na wazee. Hiyo mnaisomaje?

padre_siye
Neema ulisema si kila kitu cha kujadili lol. Fungua uzi wake hiyo, haitoshi hapa.